Jicho la Shemeji

Kwanza niseme mimi ni nani, usije ukadhani nasimulia ya kusikia. Naitwa Gaston, mlinzi wa geti la kiwanda kimoja nje ya Kolwezi, kwenye barabara inayokwenda upande wa Mutshatsha. Jina la kampuni sitalitaja, maana bado wananipa sare na viatu. Kwa miaka kumi na sita kazi yangu ilikuwa kuwajua watu. Nilijua nani amefiwa, nani amelewa, nani amevaa suruali mbili ili afiche kitu katikati. Siku hizi nimepewa kitambaa cheupe, na kazi yangu ni kufuta kioo cha mashine ya macho. Mashine ndiyo inayojua watu. Mimi najua vumbi.

Ninayetaka kumsimulia ni Kalenga, fundi wa pampu. Alizaliwa Kapata, katika zile nyumba zilizopangwa mistari ambazo kampuni ya zamani iliwajengea wafanyakazi wake, na bado anaishi katika nyumba ileile ya baba yake. Ni mtu mrefu, mpole, anaimba sauti ya chini katika kwaya ya Waprotestanti, na hana maneno mengi. Lakini mpe pampu ya asidi inayolalamika. Anaweka ncha moja ya ufunguo wa chuma, ule wa kufungulia nati, kwenye mwili wa pampu, ncha nyingine sikioni, anafumba macho, kisha anakuambia ni kipuri gani kinakufa na kitakufa siku gani. Wahandisi waliotoka ng'ambo na kompyuta zao walikuwa wanamcheka mpaka siku ilipofika, na pampu ikafa kama alivyosema.

Ukutani mwa sebule yake, juu ya redio, kuna diploma ya baba yake: miaka ishirini ya kazi, muhuri mwekundu, picha ya mzee amevaa tai. Pembeni yake kuna msumari mtupu. Kalenga aliupigilia mwenyewe alipotimiza miaka kumi na tano ya kazi. Mke wake Wivine aliwahi kutundika hapo mkoba wake wa Jumapili, na Kalenga akautoa bila kelele, akauweka mezani. Msumari ule ulikuwa unangoja diploma yake. Hakutaka kitu kingine duniani, na akili yangu ya mlinzi inaniambia kwamba mtu anayetaka kitu kimoja tu ndiye rahisi kuibiwa.

Mashine ililetwa wakati wa kiangazi, alipobakiza miezi kumi tu kutimiza ishirini. Tuliambiwa kobalti inaibwa, na kweli ilikuwa inaibwa. Basi wakaifunga mashine kwenye geti letu la watembea kwa miguu, tunapopita na masufuria yetu ya chakula. Geti la malori hawakuliwekea kitu. Labda kwa sababu lori halina jicho.

Fundi aliyekuja kuifunga aliitwa Dimitri, kijana wa Lubumbashi mwenye viatu vilivyochongoka mbele, akiruka vumbi letu kwa ncha za vidole vya miguu. Alitukusanya, akatufundisha. Nikubali kwamba alichosema kilikuwa kweli tupu, na hapo ndipo ubaya ulipo.

"Sura inageukaka," alisema. "Muntu anazeeka, ananona, anaota ndevu. Lakini kale kazingo ka rangi mu jicho, kenye kuzunguka kale keusi ka katikati, hakageukake tangu mutoto mpaka muzee. Mashine inakapiga picha na mwangaza wenye hamuwezi kuona. Inaangalia mistari yake, bishimo byake, inageuza byote namba. Kesho ukirudia, inapiga tena, inalinganisha namba. Hata mapasa, benye kuzaliwa pamoja, macho yabo haifanane. Hata weye papa, jicho yako ya kuume na ya kushoto haifanane."

Watu wakashangaa. Mmoja akauliza kama mashine inaona bia ya jana. Mwingine akauliza kama inachukua roho kidogokidogo. Dimitri akawacheka wote wawili. Mimi nikauliza swali langu la kizamani.

"Na jina? Mashine inajuaka je jina ya muntu?"

"Jina?" Akanitazama kwa huruma. "Jina njo sisi tunaandika, papa. Pa clavier." Akagonga vitufe vya kompyuta yake.

Nikaona nimeuliza upuuzi. Mjinga akiuliza swali zuri, hata yeye mwenyewe halitambui.

Wakatangaza siku mbili za kuandikisha macho, Alhamisi na Ijumaa. Karatasi ilibandikwa: asiyepita, jina lake linafutwa. Siku hizo Kalenga alikuwa Mutshatsha kwenye kilio cha mjomba wake, kwa ruhusa ya mdomo aliyopewa na mkuu wa karakana, Tata Ezéchiel. Simu ilipigwa, haikushika. Sasa sikiliza alichofanya Wivine, na usimcheke, kwa maana hata mke wangu angefanya hivyohivyo. Hapa kwetu, orodha ikisomwa na wewe haupo, ndugu yako anaitikia. Tumeitikiana katika magunia ya unga, katika sensa, katika vyandarua, hata katika mikutano ya wazazi shuleni. Kuitikia kwa niaba ya ndugu siyo uongo, ni undugu. Wivine akamchukua kaka yake Ruffin, akampa kadi ya kazi ya mumewe.

"Enda tu useme présent," alimwambia, "bakimaliza kuandika urudie. Njo vile tunafanyaka siku zote."

Ruffin huyo tumweleze. Alikuwa amejaribu biashara ya samaki wa chumvi kule Dilolo, mpakani na Angola, wakaoza. Alijaribu makaa, yakalowa. Tangu hapo alikuwa anakaa kwenye baraza ya dada yake, akicheza dama kwa vifuniko vya chupa na kutoa maoni juu ya serikali. Mbaya hakuwa. Alikuwa tu mtu ambaye hajawahi kufanya kitu mpaka mwisho, na siku hiyo akafanya kimoja mpaka mwisho.

Mama Myriam wa ofisi ya wafanyakazi akaita, "Kalenga!" Na Ruffin akajibu, "Présent!" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na jina hilo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Akanikonyeza. Dimitri akaitazama kadi: picha yake ilikuwa imeliwa na asidi miaka mingi, imebaki mabega tu. Hakujali. Yeye alikuja kwa ajili ya macho. "Sogea, papa. Fungua jicho, usipepese." Mashine ikalia kidogo, Dimitri akaandika *Kalenga* kwa kidole kimoja, akapiga na picha ya uso kwa ajili ya faili. Na mimi, niliyemjua Kalenga kwa miaka kumi na sita, nikasema nini? Nikasema, "Anayefuata."

Kalenga alirudi Jumatatu, bado na kitambaa cheusi cha msiba kwenye mkono wa shati. Akasogeza jicho. Taa nyekundu. Mashine yetu inasema Kifaransa kizuri cha kike: "Inconnu." Mtu asiyejulikana.

"Tata Gaston, mashine yako iko na nini?"

"Sogea kidogo. Fungua jicho muzuri."

"Inconnu."

"Mi inconnu?" alisema Kalenga. "Hapa?"

Watu nyuma yake wakaanza kusukuma. Nikampigia simu Wivine, naye akaja mbio kutoka Kapata na Ruffin, ambaye alikuwa bado anatafuna mkate. Ruffin akasema hakuna shida, ataingia yeye aeleze ofisini, dakika tano. Akasogeza jicho. Taa ya kijani. "Bonjour, Kalenga." Chuma cha kuzunguka kikampitisha, mtu mmoja tu kama kilivyoundwa, kikafunga.

Kalenga akazunguka kwenye dirisha la nje la ofisi ya Mama Myriam. Akaeleza kwa adabu, kofia mkononi. Mama Myriam akatazama kompyuta yake, hakumtazama yeye.

"Kalenga ameingia sasa hivi, saa moja kasoro dakika ine. Njo huyu hapa, na sura yake. Mashine haidanganyake. Weye njo nani?"

Upande wa ndani, Ruffin alikuwa amesimama mbele ya karatasi nyingine mpya ukutani. Ilisema kwamba mtu akijiandikisha kwa jina la mwenzake, wote wawili wanafukuzwa siku hiyohiyo kwa kosa zito, na mlinzi aliyeona akanyamaza naye anafukuzwa pamoja nao. Aliisoma mara mbili. Kisha mtu wa stoo akamletea kofia ngumu iliyoandikwa KALENGA, naye akaivaa. Nilimwona akiivaa.

Tulifanya baraza letu kwa yule mama anayeuza mikate ng'ambo ya barabara. Wivine alilia. Mimi nilisema kwa hekima kubwa kwamba tukisema ukweli tunafukuzwa wote watatu, Kalenga, Ruffin na mimi, na tukinyamaza walau jina la Kalenga linaendelea kufanya kazi. Hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu. Nilikuwa natetea sare yangu, nikaiita hekima. Kalenga akasikiliza, akauliza jambo moja tu: kama jina linafanya kazi, je, miaka inaendelea kuhesabiwa? Nikasema ndiyo, inaendelea.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akawekwa nje ya ukuta.

Pampu ikasimama siku ya tatu. Tata Ezéchiel akashuka mwenyewe kumtafuta Kalenga, akamkuta Ruffin chini ya kofia ya Kalenga, ameshika ufunguo wa chuma kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Tata Ezéchiel amefanya kazi na Kalenga tangu wote wana nywele nyeusi. Unadhani alipiga kelele? Alitazama orodha ya mashine: Kalenga, yupo. Akatazama mtu. Akatazama tena orodha. "Kalenga," akasema, "leo unaonekana mufupi." Kisha akaondoka kuandika ombi la kibarua wa kusaidia kwenye pampu.

Ukisikia kiwanda kizima kimedanganywa, usiamini. Hakuna aliyedanganywa isipokuwa mashine, na mashine haikuuliza. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi wenye macho tulikuwa tumeambiwa tusitazame.

Ndivyo Kalenga alivyorudi kazini. Kwa jina lake hakuweza, kwa kuwa jina lilikuwa ndani tayari na jicho la shemeji yake, na mashine haikubali jina moja kuwa na watu wawili. Lakini jina la Ruffin halikuwa ndani. Wivine akaenda kabatini, akatoa kadi ya mpiga kura ya kaka yake, picha yenye giza kama kadi zetu zote, na Kalenga akaja nayo kwenye dirisha la vibarua. Jicho lake lilikuwa jipya kwa mashine, safi, halijawahi kuonwa. Likapokewa bila shida. Nilifuta kioo, akasogea, taa ya kijani ikawaka.

"Bonjour, Ruffin."

Sasa, kuna jambo la watu wetu ambalo Dimitri hakulijua. Salamu kwetu haiachwi chini. Mashine ikisema bonjour, mfanyakazi anajibu bonjour, hata akiwa na homa, hata akijua anasalimiana na bati. Kila asubuhi mamia ya watu wazima wanalijibu lile sanduku kwa heshima. Kalenga peke yake hakujibu. Alipita kimya, akiangalia viatu vyake. Kesho yake hivyohivyo. Mwezi wa pili, wa nne, wa saba, ni hivyohivyo. Mashine inasema "Bonjour, Ruffin," naye anapita. Nilianza kumngoja kila siku nisikie ule ukimya. Ulikuwa unanipa nguvu, sijui kwa nini.

Ndani, kazi ilikwenda vizuri kuliko zamani. Kalenga alisikiliza pampu, alifungua, alibadilisha, alifunga. Ruffin alitia sahihi. Mwanzoni aliona aibu, lazima niseme. Alimpa dada yake mshahara wote, alimsaidia Kalenga kubeba, alisema "shemeki, unisamehe." Mwezi wa tatu aliacha kubeba. Mwezi wa tano alianza kuwakosoa watu waliolitaja jina lake vibaya, jina lake! Mwezi wa sita nilipeleka barua karakana, nikasikia kwa masikio yangu akiita mbele ya wahandisi:

"Ruffin! Uniletee ufunguo ya trente-deux! Mbio!"

Kalenga akainuka, akaenda kwenye sanduku, akaleta. Aliombwa wa thelathini na mbili, akaleta wa thelathini na sita, kwa sababu nati ile ilikuwa ya thelathini na sita. Ruffin akaufunga kwenye nati, ukakaa, na mhandisi akamgonga bega: "Bravo, Kalenga." Nilirudi getini nikafuta kioo ambacho hakikuwa kichafu.

Sikukuu ya kazi ikafika. Uwanja wa kiwanda ukatandikwa mahema, na vibarua wakaitwa kubeba viti. Kalenga alibeba viti tangu asubuhi. Jua lilikuwa kali, na nilishangaa kwa nini amefunga ovaroli mpaka kidevuni. Alipoinama kupanga safu ya mbele, kola ikafunguka, nikaona. Chini ya ovaroli ya kibarua alikuwa amevaa shati jeupe na tai. Ile tai ya baba yake, ya kwenye picha.

Nilijua basi kwamba alikuwa na tumaini. La nini, hata yeye sidhani angeweza kueleza. Labda kwamba mtu mmoja, Tata Ezéchiel, Mama Myriam, au mimi, atasimama siku hiyo aseme. Siku ya heshima watu husema. Nilikuwa nimekaa safu ya nne, sare yangu imepigwa pasi, na nakuapia nilikuwa na maneno tayari mdomoni.

Mkurugenzi akasoma hotuba ndefu kuhusu usalama. Akaisifu mashine: tangu iletwe, hakuna mtu hata mmoja aliyeingia kiwandani kwa jina lisilo lake. Watu wakapiga makofi. Nyuma ya hema lori moja likapita kwenye geti lake, halikusimama. Kisha akasema wapo wafanyakazi watatu waliotimiza miaka ishirini, na wa kwanza, kwa uaminifu na kwa pampu ambazo hazijasimama miezi tisa, ni Kalenga.

Kule nyuma, kati ya viti vya ziada, Kalenga aliinuka. Miguu yake iliinuka yenyewe. Alisimama wima, mkono kwenye kola, tayari kufungua ovaroli. Nilimwona, Tata Ezéchiel alimwona, Mama Myriam alimwona. Wote tulitazama mbele. Na mbele Ruffin alikuwa anapanda jukwaani, suti mpya, akipungia mkono.

Akapewa kipaza sauti. "Minashukuru Mungu, minashukuru na kampuni," alisema. "Na minashukuru shemeki yangu Ruffin, kibarua yetu, ananisaidiaka sana. Mumupigie makofi."

Tukampigia makofi. Watu wakageuka kumtazama Ruffin wao, yule mrefu aliyesimama peke yake kati ya viti. Hakujua aweke wapi mikono. Kisha naye akapiga makofi, pole pole, kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni nikayameza, na nilikuta yanamezeka vizuri.

Jioni, nje ya geti, Ruffin alimfuata Kalenga, akamnyooshea diploma iliyowekwa kwenye fremu. Nafikiri alifanya kwa moyo mzuri, au kwa moyo alionao.

"Shemeki, kamata. Ni yako. Utundike pale pa musumari."

Kalenga akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma. Jina lilikuwa lake, herufi zote. Miaka ilikuwa yake yote ishirini. Muhuri ulikuwa mwekundu kama wa baba yake. Na juu, walipoweka picha waliyoitoa kwenye faili la mashine, alikuwa Ruffin, macho wazi, hapepesi. Alitazama kwa muda ambao ungetosha kusikiliza pampu. Kisha akairudisha.

"Weka kwako, Kalenga," alimwambia.

Ruffin akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Akaichukua, akaenda nayo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kapata kusalimia, nikijipa sababu ya kumwona mgonjwa wa jirani. Wivine alinikaribisha kiti. Redio ilikuwa mahali pake, na juu yake diploma ya mzee. Kwenye msumari wa pembeni ulikuwa umetundikwa mkoba wa Jumapili. Kalenga alikuwa amekaa chini yake, akila, na alinikaribisha chakula. Nilikula, mimi nisiye na haya.

Jumatatu asubuhi nilikuwa na kitambaa changu, nikifuta. Watu wakapita: bonjour, bonjour, bonjour. Akafika zamu yake, akasogeza jicho, taa ya kijani ikawaka.

"Bonjour, Ruffin," mashine ikasema.

"Bonjour," akajibu.

Alijibu kwa adabu, kama wote, akapita kwenye kile chuma kinachozunguka. Mimi nikafuta kioo, nikaita anayefuata.